Shauri la Mikono ya Hana

Hana alizaliwa Buigiri kabla Wajerumani hawajajenga boma Dodoma. Alikua akichunga ndama, na alijifunza kusaga kwa mama yake kama wasichana wote wa Ugogo. Alikuwa mrefu, mwenye mabega mapana, na sauti iliyosikika mbali hata alipodhani ananong'ona. Yeye na mumewe Sila walibatizwa siku moja. Mzungu wa misheni alipowauliza majina wanayoyataka, Sila alijibu haraka kwa niaba ya wote wawili. Hana alikuwa amejichagulia jina la Ruthu, na kosa hilo hakulisahau kwa miaka. Binti yao wa kwanza alipozaliwa, Hana ndiye aliyempa jina, akamwita Emilia, na Sila hakuthubutu kusema neno.

Mwaka ambao reli ilikuwa inakaribia Dodoma, mvua ilinyesha kidogo mwanzoni, kisha ikaacha. Uwele ulichomoza, ukafika magotini, ukakauka umesimama. Sila alikusanya ng'ombe wachache waliobaki akaenda nao upande wa Bahi, ambako watu walisema bado kuna majani. Nyumbani walibaki Hana, Emilia aliyekuwa bado msichana mdogo, nduguye mchanga wa mgongoni, na mama yake Hana, mwanamke mzee aliyekuwa bado na nguvu zake. Ghala lilipobaki vumbi, Hana akasikia kwamba katika kambi ya reli, nusu siku kwa miguu kutoka Buigiri, wanatafutwa wanawake wa kusaga.

Kambi ile ilikuwa na vibarua wengi, wengi wao Wanyamwezi na Wasukuma, na wote walikula posho ya unga. Aliyepewa kazi ya kuwalisha alikuwa Mgiriki mmoja jina lake Stavro. Watu walimwita Bwana Magunia, kwa kuwa kila alipoonekana alikuwa amekalia magunia au anayahesabu. Hakuwa mtu wa kupiga wala kutukana. Alikuwa na haraka tu, kwa sababu waliomwajiri walikuwa na haraka, na reli haikungoja mtu.

Alijenga banda refu lisilo na kuta, akaweka mawe ya kusagia kwa mstari juu ya udongo uliokandikwa. Wanawake walipiga magoti nyuma ya mawe hayo tangu jua linachomoza. Malipo yao yalikuwa nafaka, iliyopimwa jioni. Msimamizi wao alikuwa Batuli, mwanamke wa mjini Dodoma, wa ukoo wa wafanyabiashara waliokuja na misafara ya pembe zamani. Alivaa kanga safi hata katika vumbi lile, na alikuwa na macho makali. Mwanamke akiinua mgongo kujinyoosha, Batuli alimwita kwa jina, na kuitwa kwa jina kulitosha.

Hana hakuona tabu mwanzoni. Kusaga alikujua. Jumamosi alibeba nafaka yake kichwani na mtoto mgongoni akarudi Buigiri, na jioni ile nyumba nzima ilikula ikashiba. Mama yake alisema Mungu ameleta reli kwa ajili yao. Hana alicheka, akasema basi Mungu angeileta mapema zaidi.

Mambo yalibadilika uwele ulipokwisha hata madukani. Bwana Magunia akaleta mahindi kutoka pwani, magumu, makavu, ya punje kubwa. Nyumbani, mwanamke wa Kigogo hasagi nafaka hivi hivi. Huitwanga kwanza kinuni, akaipepeta, akailowesha kidogo, kisha ndipo anaipeleka kwenye jiwe, na anasaga ya chungu kimoja. Kambini mahindi yalisagwa makavu, kwa kuwa unga uliotoka kwenye nafaka iliyoloweshwa uliota ukungu ndani ya magunia. Punje ziliruka, jiwe la mkononi likateleza, na ili zivunjike ilibidi mtu aegemeze uzito wake wote juu ya vifundo vya mikono. Wakati huo huo vibarua waliongezeka, lakini wanawake hawakuongezwa. Kazi ya siku moja ikawa mara mbili ya ilivyokuwa.

Maumivu yalianza kwenye dole gumba la kulia, kama mwiba uliosahaulika. Hana alilifunga kwa kitambaa. Baadaye yakapanda hadi kwenye kifundo, kikavimba, na mkono wa kushoto, uliolazimika kuusaidia wa kulia, ukafuata. Asubuhi vidole vilikataa kufunguka, ikabidi avinyooshe kimoja kimoja kwa meno. Alipogeuza mkono alisikia kitu kinakwaruza ndani, kama ngozi kavu inayokunjwa. Hakumwambia mtu. Wanawake wengine nao walifunga vitambaa, na wao pia hawakusema, kwa sababu nje ya banda walikuwapo wengine waliokuwa wakingoja nafasi.

Siku moja alinyanyua kibuyu cha maji ampe mtoto, kikamponyoka kikapasuka. Siku iliyofuata jiwe lilimtoka mkononi. Batuli alikuja akasimama mbele yake, akatazama vile vifundo, akanyamaza. Jioni Bwana Magunia alimpimia Hana nafaka yake ya mwisho, akamwambia kwa Kiswahili chake cha haraka kwamba akipona arudi.

Hakupona. Alikaa nyumbani akiwa amepakwa dawa za miti, mama yake akimkanda kwa maji ya moto, na mikono ikabaki vile vile. Mama alisaga kile kidogo kilichopatikana, lakini alikuwa mzee na alikuwa na maji ya kuchota na kuni za kutafuta. Kitu kilichomuumiza Hana kuliko vifundo kilikuwa kumwona mtoto akilia na yeye hawezi kumfunga mgongoni. Katika nchi ile mwanamke asiyeweza kusaga hakuwa na njia ya kulisha nyumba. Nafaka ingeweza kujaa ghala, na bado watu wake wangelala njaa.

Sila alirudi kutoka Bahi na ng'ombe wawili tu. Alisikiliza habari yote akiwa ameketi mlangoni. Kesho yake, jua likiwa limepanda na majirani wakipita, aliingia ndani, akapiga magoti nyuma ya jiwe la mkewe, akaanza kusaga. Alisaga vibaya. Unga wake ulikuwa mabonge na mchanga. Wanaume waliopita walisimama wakacheka, mmoja akamuuliza kama sasa atavaa na shanga. Sila aliendelea kusaga. Mama mkwe wake, ambaye kwa heshima hakuwa na kawaida ya kukaa karibu naye, alitoka nje akaenda kusimama nyuma ya nyumba ya tembe, na Emilia alimkuta huko anafuta machozi kwa kiganja.

Ugali ule ulisikika mchanga menoni. Hana aliula wote.

Wiki chache baadaye alipita Buigiri mtu aitwaye Rehani, dresa wa hospitali ya kambi, anayefunga vidonda na kugawa kwinini. Alikuwa akitafuta kuku wa kununua. Alipomwona Hana akimsukuma mbuzi kwa kiwiko badala ya mkono, akamsalimu, akauliza amepatwa na nini. Hana akamweleza habari ya banda la kusagia, naye akaomba kuushika mkono. Alibana kifundo kwa vidole vyake, akamwambia ageuze mkono polepole.

"Mama," alisema, "mkwaruzo huu nimeusikia hata kwa wanawake wengine wa banda lile walipokuja niwafunge vidonda. Nilidhani ni baridi."

Alimshawishi aje kambini siku ambayo daktari wa Kijerumani angepita. Hana akaenda, Sila akiwa amembeba mtoto. Daktari alikuwa mzee, mchovu, na ndevu zake zilinuka tumbaku. Alikishika kifundo, akainamisha sikio karibu kama mtu anayesikiliza saa, akasema maneno ambayo Rehani aliyatafsiri: kwao Ulaya alikuwa ameuona ugonjwa huu kwa wanawake wanaofua na kukamua nguo za watu siku nzima. Hautokani na baridi, wala na laana, wala na uvivu. Unatokana na mkono kufanya jambo lile lile bila kupumzika. Akaagiza Hana afungwe vibao vidogo vya mti ili vifundo visicheze, asishike jiwe kwa miezi, na asitegemee kuwa vitarudi kama mwanzo.

Walipotoka nje, Hana alikaa chini kivulini. Alimwambia Sila kwamba alikuwa ameanza kuamini kuwa yeye ni mvivu. Kila aliyemwona alisema wanawake wote wanasaga, mbona yeye tu ndiye anaumwa.

Rehani ndiye aliyewaambia kuhusu Bwana wa Wafanyakazi. Serikali ilikuwa imemweka Mjerumani mmoja kusikiliza malalamiko ya watu wa reli, na alikuja kambini mara kwa mara akaketi chini ya turubai. Mtu aliyekatwa mguu na reli, au aliyeumizwa na baruti, aliweza kwenda mbele yake na wengine walipata fidia. Kwa mtu aliyeumizwa polepole Rehani hakujua, kwa sababu hajamwona mtu wa namna hiyo aliyekwenda.

Sila aliogopa. Alikuwa na sababu. Watu walikuwa wamekwenda kwa Wajerumani na mashauri yao wakarudi na alama za viboko. Asubuhi, wakiwa njiani kurudi Buigiri, alisema angependa waache. Hana alisimama katikati ya njia na mikono yake imefungwa vibao.

"Wewe ulisaga mbele ya watu," alisema. "Mimi nitashindwa kusema mbele ya mtu mmoja?"

Basi walikwenda, na mama yake Hana akasema naye atakwenda, kwa maana hajawahi kumwona Mjerumani aliyeketi. Chini ya turubai palikuwa na meza, askari wawili, na mkalimani wa Kigogo aliyevaa kofia nyekundu. Bwana wa Wafanyakazi alikuwa kijana kuliko walivyotarajia, mwenye pua iliyobabuka kwa jua. Bwana Magunia alikuwa ameitwa, akaketi kwenye sanduku pembeni, na Batuli alisimama nyuma yake.

Hana alieleza kwa Kigogo. Alianza na ukame, akaja kwenye uwele, akaja kwenye mahindi, jinsi yalivyokuwa makavu, jinsi ya kuegemea, jinsi dole gumba lilivyoanza. Alisema kwa muda mrefu. Alipomaliza, mkalimani akageuka akasema kwa Kiswahili: "Anasema mikono inamuuma."

Hana Kiswahili alikijua cha kanisani, cha nyimbo na maombi. Hakikuwa na maneno ya banda la kusagia. Lakini alikisikia kile kifupi kilichotoka kwenye maneno yake yote, akaona shauri lake limekufa kabla halijasikilizwa. Akaomba aseme mwenyewe. Mkalimani alikunja uso, ila yule Mjerumani akampa ishara aendelee.

Akarudia tangu mwanzo, polepole, akichanganya Kigogo pale alipokwama, na pale maneno yalipokosekana kabisa alipiga magoti mbele ya meza akaonyesha, na vibao vyake vikagonga udongo. Sauti yake, ambayo maisha yake yote aliambiwa aishushe, ilifika hadi kwa vibarua waliokuwa wakipakua mataruma ya reli, na baadhi yao wakasogea.

Bwana Magunia alijibu bila hasira. Alisema amesikitika. Lakini kila mwanamke wa nchi hii anasaga tangu utoto, mama huyu naye amesaga tangu utoto, na hakuna mtu anayeweza kusema kifundo kimeharibiwa na jiwe la kambini na si jiwe la nyumbani. Kama angekatwa kidole hapa, damu ingeonekana, na yeye angelipa. Hapa hakuna damu. Je, atalipa fidia ya maumivu ya kila mwanamke wa Ugogo?

Yule Mjerumani alitikisa kichwa taratibu kwa kukubali, na Sila akaona kwamba maneno hayo yamemwingia. Rehani alitoa habari ya daktari. Mjerumani alisema anamheshimu daktari, lakini daktari ameeleza ugonjwa, hakueleza mahali ulipopatikana. Ndipo mama yake Hana, ambaye hakuna aliyemwita, alipopita mbele ya askari, akaweka mikono yake miwili juu ya meza. Ilikuwa mikono mikavu, yenye mishipa, na viganja vigumu kama soli. Akavikunja na kuvikunjua vidole vyote kwa urahisi. Mkalimani safari hii alitafsiri vizuri: alisema amesaga tangu kabla Mjerumani hajaja, amesagia watoto wanane, na jana amesaga.

Mjerumani aliitazama ile mikono, kisha ile yenye vibao. Alichukua kofia yake akasema anataka kuliona banda.

Wakaongozana wote hadi kule. Wanawake walikuwa wakisaga, na walipomwona hawakuacha. Alisimama akatazama kitambo. Aliokota punje za mahindi, akaiuma moja, akaitema. Kisha akauliza kama yuko mwingine mwenye mikono inayouma kama ya Hana. Vitambaa vilionekana kwenye vifundo vingi, ila hakuna aliyeinua macho. Hana aliwajua wote. Alikuwa amelala nao katika kibanda kimoja, amekula nao chungu kimoja. Alitazama mstari mzima wa migongo ile iliyoinama. Hakuwakasirikia. Kila mmoja alikuwa na watoto waliongoja Jumamosi.

"Unaona," Bwana Magunia alisema.

Batuli alikuwa amesimama kwenye nguzo ya banda. Alijifunga kanga vizuri kichwani, akasema kwa Kiswahili safi cha mjini, kisichohitaji mkalimani.

"Bwana, hawa hawatasema. Mimi nitasema. Nimekaa hapa tangu jiwe la kwanza. Walipokuwa wanasaga uwele hakikufungwa kitambaa hata kimoja. Mahindi yalipokuja, nikaambiwa wasiloweshe. Watu walipoongezeka, nikaambiwa wanawake wanatosha. Wakinyoosha migongo, mimi ndiye niliyewaita. Huyu mama alikuja na mikono mizima, na mimi nimeiona ikiharibika mbele ya macho yangu."

Bwana Magunia aligeuka akamtazama, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshangaa zaidi ya kukasirika. Batuli hakumaliza hapo. Alikwenda kwa mwanamke wa kwanza kwenye mstari, akapiga magoti karibu yake, akamuomba kwa sauti ya chini amwonyeshe bwana kifundo chake. Mwanamke yule alisita. Kisha akafungua kitambaa.

Shauri liliamuliwa siku hiyo hiyo, wamerudi chini ya turubai. Bwana wa Wafanyakazi alisema kanuni alizopewa zinataja ajali, na hili si ajali, kwa hiyo hawezi kulilipia kwa kanuni. Lakini alikuwa na amri juu ya jinsi watu wanavyofanyishwa kazi. Aliagiza mahindi yaloweshwe na kuanikwa kabla ya kusagwa, wanawake waongezwe ili kazi ya mtu mmoja ifanywe na wawili kwa kupokezana, na mwenye kuumwa apumzishwe bila kunyimwa nafaka. Kuhusu Hana, alimtaka Bwana Magunia apatane naye mwenyewe, mbele yake.

Bwana Magunia aliwaza, akasema atampa Hana unga tayari, uliokwisha kusagwa, kila wiki, muda wote kambi itakapokuwapo. Watu waliokuwa wamekusanyika waliguna kwa kuridhika. Lilikuwa jambo jema, na hakulisema kwa ubahili. Sila alikuwa tayari kushukuru. Hana alimgusa kwa kiwiko.

Aliuliza kambi itakuwapo hadi lini. Kila mtu alijua jibu. Reli ilikuwa inaelekea Tabora, na kambi ingehama nayo. Hana akasema mikono yake haitahama. Kwao, mtu akimwumiza mwenzake, hutoa mnyama, ili kilichopungua nyumbani kiweze kuongezeka tena. Akaomba ng'ombe wa maziwa.

Walivutana. Bwana Magunia alisema ng'ombe wa maziwa mwaka wa ukame ni sawa na kuomba injini. Mwisho walikubaliana mtamba mmoja, ambaye bado hajazaa, pamoja na unga hadi kambi itakapoondoka. Hana alijua ni pungufu ya alichostahili. Alisema hivyo pia, kwa sauti ile ile yake, na kisha akakubali.

Mtamba aliyeletwa Buigiri alikuwa mwekundu, mwembamba, na pembe moja iliyopinda. Sila alimzunguka mara nyingi, akimgusa mbavu, akasema atafaa. Wale wanaume waliocheka walikuja kumwona, na mmoja wao aliuliza, bila mzaha, kama ni kweli Mjerumani aliweka kofia yake kichwani akaenda mwenyewe kutazama jiwe la kusagia. Sila alisema ni kweli. Siku nyingi baadaye bado alikuwa anaulizwa.

Mvua ilikuja mwaka uliofuata, nzuri, ya kutulia. Hana alivua vibao. Vidole vilifunguka asubuhi bila msaada wa meno, ingawa siku za baridi vifundo vilimkumbusha. Aliweza kumfunga mtoto mgongoni. Aliweza kupalilia kidogo, kwa jembe la mpini mwepesi ambalo Sila alimchongea. Kusaga hakurudia. Emilia na bibi yake walisaga, na siku walizokuwa shambani Sila alipiga magoti kwenye jiwe bila kutazama nani anapita. Unga wake ulikuwa umeacha kuwa na mchanga.

Batuli hakubaki kambini. Bwana Magunia hakumfukuza, lakini hakumsemesha pia, naye akachoka. Alirudi Dodoma, na treni ilipoanza kufika alifungua mahali pa kuuza chakula karibu na stesheni. Mtamba alipozaa na maziwa yakapatikana, Sila alikamua, mama mkwe akatikisa kibuyu, na Hana akapeleka samli kwa Batuli. Mara ya kwanza walipokutana tena, Batuli alimwomba akae, akamletea chai ya tangawizi, akamwambia kwamba sura aliyokuwa haisahau ni ile siku jiwe lilipomtoka mkononi, na yeye alisimama pale akanyamaza. Hana alisema alimwona akinyamaza. Alisema pia kwamba alimsikia aliposema. Wakanywa chai. Baada ya hapo waliitana dada.

Ilikuwa hapo kwa Batuli ambapo, msimu mmoja wa mavuno, Hana alimkuta mtu mzima wa Kinyamwezi ameketi akila kwa mkono wa kushoto, wa kulia umelala mapajani. Alikuwa amevunja mawe ya reli kwa nyundo tangu Morogoro, na kiwiko chake kilikuwa hakikunjuki. Alikuwa amekwenda kwa Bwana wa Wafanyakazi akasema anaumwa, akaambiwa arudi akiwa na jeraha. Batuli alimwelekezea Hana kidevu, akamwambia yule mtu, huyu ndiye mama niliyekuambia habari zake.

Yule mtu aliinuka akamsalimu, akauliza kama ni kweli alipewa ng'ombe kwa sababu ya mikono.

Hana aliketi. Alimuuliza nyundo ilikuwa nzito kiasi gani, mawe yalikuwa ya namna gani, aliinua mkono hadi wapi, na nani alikuwa akivunja mawe pembeni yake. Yule mtu alijibu, mwanzoni kwa maneno machache, kisha kwa mengi, kana kwamba hakuna aliyewahi kumuuliza. Alisema pembeni yake alikuwapo ndugu yake, na kwamba ndugu yake yuko Dodoma hapa hapa, anapakua magogo stesheni.

"Basi ukienda," Hana alisema, "usianze na kuumwa. Anza na nyundo. Na ndugu yako aende na wewe."

Alikuwa na samli ya kuuza na safari ndefu ya kurudi Buigiri. Aliitazama njia, akamwambia Batuli ampokee samli, watahesabiana baadaye. Kisha akamwambia yule mtu amwite ndugu yake, kwa kuwa yeye anajua mahali turubai la Bwana wa Wafanyakazi linapowekwa siku hizi, na atawasindikiza.